Baiskeli kwa Kilo za Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hawa alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akampelekea baba yake chai barazani. Baba yake, Amisi, aliuza vitenge katika soko la Kasongo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na hakuna aliyemshinda kwa kupenda wali na samaki wa mawese. Lakini siku hizo alichoka upesi. Mama Rachelle, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa amegundua kwamba ana ugonjwa wa sukari. Alimpa dawa za kumeza pamoja na chakula, akamshauri apunguze uzito polepole.

Ndipo mjomba Kassimu akaja kutoka Salamabila, alikokuwa akiwauzia wachimbaji wa dhahabu majembe na sururu. Mjomba aliamini kwamba hakuna mtu anayefanya kazi bila kuonyeshwa zawadi. Baada ya chakula alimwita Hawa mbele ya wote.

"Mpwa wangu, baba yako akipungua kilo kumi kabla sijarudi, nitakuletea baiskeli mpya. Wewe ndiye mlinzi wake."

Watu wakacheka. Amisi naye alicheka, ila kidogo tu.

Shule ya Hawa ilikuwa mbali, na wakati wa mvua alifika na sketi iliyojaa matope. Sasa aliiona baiskeli kila alipofumba macho. Akaanza ulinzi. Baba akinyoosha mkono achukue samaki wa pili, Hawa aliivuta sahani. Baba akiomba mchuzi, alimpimia kijiko kimoja, tena kwa uso uliokunjwa.

"Hawa, mwache baba yako ale," mama yake, Asma, alimwambia.

"Mama, yeye hajali. Mimi ndiye ninayejali."

Kila walipokwenda kituoni kupima, mshale wa mizani ulisogea kidogo tu, na siku nyingine haukusogea kabisa. Hawa alirudi nyumbani moyo ukimchemka. Aliona kama baba yake anamwibia.

Jumamosi moja, baada ya masomo ya asubuhi, alipitia sokoni. Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Alizunguka nyuma ya marobota ya vitenge, akamkuta amechuchumaa, anakula mandazi yaliyofungwa katika karatasi. Mdomo wake ulimetameta kwa mafuta.

Hasira iliyokuwa imejikusanya muda wote huo ilimtoka Hawa mara moja.

"Baba, unakula baiskeli yangu! Unajificha kama mwizi! Huoni aibu na tumbo hilo?"

Mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa akichagua kitenge, aliguna. "Mutoto huyu iko mukali," alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Amisi alisimama taratibu. Alianza kufunga duka. Hakuinua sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Leo umenivua nguo mbele ya watu, Hawa. Mimi ninayewavika watu."

Walirudi nyumbani kila mmoja upande wake wa njia. Jioni hiyo Amisi alikataa chakula. Asubuhi yake aliisukuma sahani, akameza dawa kwa maji matupu. Asma alimsihi.

"Baba Hawa, dawa hii inataka chakula. Mama Rachelle alisema."

"Si mnataka nikonde? Basi nitakonda," alijibu, akaondoka.

Ilikuwa Jumapili, na Hawa hakuwa na shule. Mama yake alimwagiza ampelekee baba mihogo ya kuchemsha sokoni. Alikwenda akinuna. Alimkuta baba yake ameegemea meza, jasho linamtiririka, macho yanamtazama kama mtu asiyemfahamu. Baba alijaribu kumwita jina, ulimi ukawa mzito. Kisha akaanguka juu ya vitenge vyake.

Hawa alipiga kelele. Majirani wakambeba juu ya pikipiki, mmoja akimshikilia kwa nyuma, wakamkimbiza kituoni, Hawa akifuata mbio.

"Sukari imeshuka mno," Mama Rachelle alisema baada ya kumpima. Kwa kuwa Amisi bado aliweza kumeza, alimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Baada ya muda macho ya Amisi yakarudi kuwa macho yake. Ndipo muuguzi akageuka, na alikuwa amekasirika kweli.

"Nani amemnyima huyu chakula? Anatumia dawa ya kushusha sukari, halafu tumbo tupu! Mnataka afe?"

Asma, aliyekuwa ameitwa kutoka nyumbani, alieleza yote, ahadi ya Kassimu na maneno ya sokoni. Hawa alitamani ardhi immeze. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nilikuwa naangalia mizani. Sikukuangalia wewe."

Amisi alimshika mkono. "Na mimi nilifanya kiburi. Lakini sikiliza, mwanangu. Tangu mjomba wako aseme maneno yale, hakuna aliyeniuliza mimi ninataka nini."

"Unataka nini, baba?"

Alifikiri kidogo. "Shamba langu la mpunga kule bondeni. Sijalifikia kwa miguu tangu mwaka jana. Pumzi inakatika kabla ya nusu ya njia. Nataka kulifikia tena, nikalime."

Mama Rachelle aliwapangia. Amisi asiruke mlo, wala dawa. Ale wali kidogo, mboga nyingi, mafuta kidogo, na atembee. Hawa alitembea naye kila jioni baada ya sala ya alasiri. Mwanzo walifika kwenye daraja tu, wakakaa, wakarudi. Hawa aliacha kuuliza habari za kilo. Siku ambazo baba alikula kupita kiasi hakufokewa, na kesho yake walitoka tena.

Mjomba Kassimu aliporudi na baiskeli mpya, Hawa hakuigusa.

"Kilo hazijafika, mjomba. Hata zingefika, sitaki. Ilinifanya nimchukie baba yangu kwa kipande cha samaki."

Kassimu alikunja uso. "Mimi nilitaka kusaidia, shemeji."

"Najua," Amisi alimjibu. "Lakini ulimwahidi mtoto zawadi kwa mwili wangu. Ningepungua kwa ajili ya baiskeli, siku ambayo angeipata ningerudi kwenye mandazi."

Kabla ya mavuno, Amisi alifika shambani kwa miguu yake. Alipumzika njiani, lakini alifika, akaingia kwenye matope ya mpunga suruali imekunjwa hadi magotini. Mizani ya kituo ilionyesha kilo chache tu zilizopungua, na sukari ilikuwa imetulia. Mama Rachelle aliandika matokeo, akawatazama baba na binti.

"Zawadi huweza kumwanzisha mtu safari," alisema, "lakini haimfikishi. Kinachomfikisha ni sababu yake mwenyewe, na watu wa kutembea naye. Na wewe, Hawa, ukimpenda mgonjwa usimchape kwa ulimi. Mtu aliyetiwa aibu hapungui, hujificha."

Hawa aliitikia kwa kichwa. Kisha akamsubiri baba yake avae viatu.