Mnusahoja na Jiwe la Shangazi

"Mpinzani wangu anataka kuwaletea maji, lakini jamani, mmeona viatu anavyovaa?"

Maneno kumi tu. Mgombea udiwani hata jasho lilikuwa halijaanza kumtoka. Juu ya nguzo ya uwanja, kidude cha kijani chenye ukubwa wa papai kikalia kama chura aliyekanyagwa: "Kroo!" Kwenye kioo chake yakapita maandishi ambayo hata waliokaa nyuma kabisa waliyasoma: KOSA LA KUMPIGA MSEMAJI. VIATU HAVICHIMBI KISIMA.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgombea akaangalia viatu vyake mwenyewe, akakohoa, akaanza upya. Safari hii alizungumzia maji.

Kidude hicho kiliitwa mnusahoja, na Mwanza ya mwaka 2094 ilijivunia kukimiliki kuliko ilivyojivunia vibebeo vyake vya anga, vile vilivyoning'inia kwenye nyaya kutoka kilima hadi kilima. Kibebeo kinakufikisha kazini tu. Mnusahoja ulikuwa unawafikisha watu kwenye maana, safari ambayo zamani wengi waliishia njiani.

Aliyeutengeneza ni Mhandisi Nkwimba Luhende, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Mtaa wa Mawe Matatu. Alikulia kwenye nyumba yenye wajomba sita waliobishana kuanzia uji wa asubuhi, na utotoni aliapa kwamba siku moja atawapatia refa. Alimpata. Mnusahoja husikiliza maneno, huyagawa mafungu mawili, dai na sababu, kisha hupima kama sababu inaweza kulibeba dai, kama unavyotikisa rafu kabla ya kuipandishia sufuria. Rafu ikiyumba, chura analia.

Kulikuwa na minusahoja midogo pia, ya kubandika kwenye kola, na hiyo ndiyo iliyoingia majumbani. Mume mmoja alimwambia mkewe, "Ama unanipenda, ama unakwenda kwa dada yako Geita!" Kroo! KOSA LA NJIA MBILI. MTU ANAWEZA KUPENDA NA KUSAFIRI. Mke alisafiri, akarudi na samaki, na ndoa ikaendelea. Fundi aliyedai kwamba redio ilipona kwa sababu aliipiga kofi alipewa KOSA LA JOGOO, maana jogoo naye huwika, jua likachomoza, akajisifu. Mikutano ya mtaa iliyokuwa ikichukua siku nzima sasa ilikwisha kwa dakika ishirini. Nkwimba alizihesabu dakika hizo kama mama anavyohesabu meno ya mtoto.

Ijumaa moja, dakika ya kumi na nne ya mkutano wa Mawe Matatu, Mama Mbuke akasimama.

Mama Mbuke alikuwa mpika vitumbua, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya kilima. Juu ya mtaa wao kulikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba tatu, lililoitwa Shangazi kwa sababu lilikaa juu ya kila mtu na kuchungulia mambo ya kila nyumba. Chini yake palikuwa pamejengwa kituo kipya cha watoto wadogo, na kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu.

"Msifungue," alisema. "Shangazi anasogea. Lipimeni hilo jiwe kwanza."

"Sababu, mama?" aliuliza Bwana Magese, mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole aliyependa kumaliza mapema.

"Kila mtu huku juu anajua!"

Kroo! KOSA LA KUNDI. WENGI SI USHAHIDI.

"Mbuzi wangu amekataa kupita pale, na jioni yake mvua ikanyesha!"

Kroo! KOSA LA JOGOO.

Watu wakaanza kucheka. Mama Mbuke akapandisha sauti. "Leo mtapuuza jiwe, kesho mtapuuza moto, keshokutwa mtaa mzima utakuwa majivu!"

Kroo! KOSA LA MTEREMKO. Mtu mmoja nyuma akaiga chura, na kicheko kikawa cha kushika mbavu.

"Na wewe Nkwimba unacheka nini? Ugali wenyewe unaopika una mabuje ya unga mbichi!"

Kroo! Hilo hata halikuhitaji kusomwa.

Nkwimba akajifuta machozi ya kicheko. "Mama Mbuke, nakuheshimu. Vitumbua vyako vimeiva, ila hoja zako bado mbichi."

Mama Mbuke aliangalia nguzo, akaangalia watu, akakaa chini akivuta kanga yake mabegani. "Basi. Nimenyamaza."

Ikapigwa kura. Kituo kifunguliwe. Dakika kumi na tisa, mkutano ukafungwa.

Jumatatu asubuhi, wakati watoto wa kituo wakivalishwa sare huku chini, Nkwimba alipanda ngazi kwenda kununua kifungua kinywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vingapi?" Mama Mbuke hakuinua macho.

"Vinne. Umeninunia?"

"Nikikujibu kidude chako kitalia."

Nkwimba akaubandua mnusahoja kwenye kola, akautia mfukoni. Akapokea vitumbua, akavigeuzageuza. Upande mmoja vilikuwa vinene kama kisigino, upande mwingine vyembamba kama sikio la mbuzi.

"Mama, leo vipi? Mbona vina bega moja?"

"Usinisingizie mimi, ni jiko. Linainama, uji wa vitumbua unakimbilia upande mmoja. Alhamisi niliweka kipande kimoja cha boksi chini ya mguu wake. Jumamosi vikawa viwili. Leo vitano, na bado halikai sawa."

Nkwimba aliacha kutafuna. "Hili jiko limekaa juu ya nini?"

"Swali gani hilo? Limekaa mgongoni kwa Shangazi, tangu enzi za mama yangu. Wewe umekula hapa tangu huna meno."

"Mama Mbuke! Kwa nini hukuyasema haya Ijumaa?"

Mama Mbuke alimshangaa kwa dhati. "Vipande vya boksi? Hayo si mambo ya jikoni, mwanangu. Mkutanoni watu wanapeleka hoja."

Nkwimba alitoa kifaa cha kupima mwinamo kwenye mkoba, akakilaza juu ya jiwe. Namba ikatokea. Akasubiri dakika tano. Namba ikawa nyingine.

Hakuna aliyewahi kumwona Mhandisi Luhende akikimbia, na waliomwona siku ile wanasema bora wasingemwona, maana alishuka ngazi mia mbili huku kitumbua kikiwa bado mkononi. Alimkuta Bwana Magese ameshika mkasi, utepe uko mbele yake, na watoto sitini na watatu wanaimba. Akamnyang'anya mkasi. "Toeni watoto! Wote! Na nyumba zote za huku chini!" Nyuma yake sauti ya Mama Mbuke, ile ya kuita watu ng'ambo ya kilima, ilikuwa tayari imefanya kazi kabla roboti za zimamoto hazijawashwa.

Saa tano na robo Shangazi aliondoka. Alikwenda na jiko, na nyumba kumi na moja, na kituo chenye utepe ambao haukukatwa. Hakufa mtu.

Jioni hiyohiyo Nkwimba alikaa karakanani kwake, akapitia milio yote ya Ijumaa, mmoja baada ya mwingine. Chombo hakikukosea hata mara moja. Kundi si ushahidi, mbuzi si mtabiri wa mvua, na ugali wake kweli ulikuwa na mabuje, lakini hilo halihusu jiwe. Aliyekosea ni yeye, na uwanja mzima pamoja naye. Walisikia "sababu hii haibebi", wakaelewa "jambo hili ni uongo". Kosa hilo halikuwamo kwenye orodha ya chura.

Akaongeza mstari wa pili kwenye kioo cha mnusahoja uliokuwa mezani: HOJA MBOVU. JAMBO LENYEWE HALIJAPIMWA.

Kisha, kwa mara ya kwanza, akafungua daftari la mnusahoja, linalohifadhi kila hoja iliyokataliwa. Kwa miaka sita hoja 1,946 zilikuwa zimeliliwa na chura, zikatupwa. Watu 412 waliozitoa hawakusimama tena mkutanoni. Zile dakika ishirini alizojivunia zilikuwa zimetoka hapo.

Mama Mbuke, aliyekuwa amepewa hifadhi kwa Nkwimba kwa kukosa nyumba, alichungulia juu ya bega lake, akasoma hoja ya kwanza taratibu: "Maji ya bomba la Mtaa wa Mihogoni yana ladha ya msumari, kwa sababu mwenyekiti wao hajui hata kufunga mkanda."

Akacheka. "Huyo namjua. Sasa mtu asiyejua mkanda, atajua bomba?"

Kroo!

Nkwimba hakugeuka kuusoma mstari wa pili. Alikuwa anaangalia tarehe ya malalamiko hayo, miaka sita kasoro mwezi iliyopita. Akachukua chupa tupu rafuni, akaisuuza mara tatu, akatoka kwenda Mihogoni.