Daraja Lililovunjika Ndani ya Simu

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Musafiri alifika kwenye daraja la njia ya Wamaza akalikuta zima. Mbao zote zilikuwa mahali pake, na mbuzi wawili wamelala katikati kana kwamba wao ndio waliolijenga. Akatazama simu yake. Programu ya njia ndani yake ilisema daraja limevunjika.

Jana yake mchana, kwa kuiamini simu hiyo, alikuwa amemzungusha dada yake mwenye uchungu wa kuzaa, wakienda hospitali, kwa njia ndefu ya Lusangi. Mtoto akazaliwa kando ya njia, juu ya majani ya migomba. Mama na mtoto walikuwa salama, wamelazwa hospitali. Musafiri, prezida, yaani mwenyekiti, wa wapanda pikipiki wa Kasongo, akageuza pikipiki kurudi mjini.

Saa tatu alisimama mbele ya meza ya Amisa, fundi wa simu sokoni.

“Mwenye kuandika hii programu iko mutu mumoja, Ernestine,” alisema. “Saa sita ninaifuta mu telefone yote, na yeye ninamupeleka polisi.”

“Kaa kwanza, prezida,” Amisa alisema. “Dada yako ndiye alizaa, na yeye amekaa.”

Ernestine alikuwa pale pale mezani, macho mekundu. Programu hiyo ilimlia miaka miwili. Ndani yake alikuwa ameweka mfumo wa Java, lugha ya kuandikia programu, unaobeba vipande: kipande cha ramani, cha madaraja, cha mafuta, vitano kwa jumla. Kipande kinaingizwa au kutolewa huku vingine vikiendelea na kazi, kama kubadilisha taa ya pikipiki injini ikinguruma. Na kwa kuwa nje ya mji hakuna mtandao, wapanda pikipiki hupeana vipande mkono kwa mkono, simu kwa simu, kwenye maegesho.

“Na vipande vya kazi moja vikiwa viwili?” Amisa aliuliza.

“Mfumo unafuata toleo jipya. Mutu ameingiza kipande kingine cha madaraja, chenye toleo la juu. Si mimi, yaya, dada yangu.”

“Nani mwingine anajua kuvitengeneza?”

“Nilifundisha watu sita. Wote wapanda pikipiki.”

Musafiri alikuwa na mshukiwa wake tayari: Mama Latifa, mwenye hoteli ya wali kwenye njia ya Lusangi. Jana, kwa pikipiki zilizozungushwa huko, aliuza sufuria mbili nzima. Bahati nzuri alikuwa sokoni akinunua mchele, akaitwa. Akaweka simu yake mezani: ya vibonye, imefungwa kwa mpira.

“Hii programu yenu itaingilia wapi?” aliuliza. “Kwenye tochi?”

Akaenda zake na mchele wake.

Basi Amisa akawaita wale wanafunzi sita kutoka maegesho, akaomba simu zao, akazipanga mezani, akafungua orodha ya vipande katika kila moja.

“Ernestine, hizi namba za pembeni?”

“Mfumo unahesabu kadiri vipande vinavyoingia. Ukifuta kimoja, namba yake inakufa. Haipewi kingine.”

Amisa akapitisha kidole simu kwa simu. Kipande cha uongo kilikuwa namba sita. Sita. Sita tena. Kwenye simu ya nne, kumi na tisa.

“Ya nani?”

“Yangu,” Fidèle, mmoja wa wale sita, alisema. “Iko ya zamani, tantine. Inachanganyikiwa.”

“Ya zamani inakula betri, mwanangu, hairuki hesabu. Kumi na tatu viliingia humu vikafutwa kabla ya hiki. Ulikuwa unajaribu, kinagoma, unafuta, unarudia. Mwenye simu mbili angejaribu kwenye ile nyingine. Wewe uko na moja, kama sisi wote.”

Fidèle akaigeuza simu yake kifudifudi mezani.

“Mama yangu anakaa njia ya Lusangi,” alisema. “Tangu programu ianze kutuonyesha njia fupi, hakuna pikipiki inapita kwake. Mwezi jana alikuwa na malaria, akakaa barabarani siku nne akipunga kitambaa, akingoja pikipiki ya kumpeleka hospitali. Nilitaka mupite. Siku chache tu.”

“Ungeniambia,” Ernestine alisema. “Ningetengeneza kipande cha kuonyesha mutu anangoja wapi.”

“Ningekuambia nini? Ulikuwa unafurahi sana na njia yako fupi.”

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Musafiri akarudisha simu yake mfukoni bila kufuta kitu.

“Ernestine, kitengeneze hicho kipande cha wanaongoja. Na wewe, Fidèle, utakiingiza mu telefone moja moja, utoe na ule uongo wako. Kwa miguu, pikipiki yako nimeishika.”

“Ndiyo, prezida. Nianzie maegesho?”

“Utaanzia hospitali,” Musafiri alisema. “Dada yangu yuko macho. Hii hadithi utamwambia wewe. Mimi nitasimama mlangoni.”