Uzi wa Kioo Nyumbani kwa Mama Maimouna

Chumba cha mbele cha Mama Maimouna, mjini Kalemie, kilikuwa na kazi mbili. Asubuhi kilikuwa chumba cha kushonea. Baada ya sala ya alasiri, kilikuwa chumba cha kusikia sauti za ndugu.

Vita vilikuwa vimefika Uvira. Watu walikimbia kwa mashua. Wengine walishukia Kalemie, wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma. Simu za kawaida zilikuwa hazishiki, kwa sababu mazutu, yaani dizeli, ya kuwasha antena ilikuwa haba. Lakini kwa Mama Maimouna kulikuwa na intaneti ya waya. Umoja wa wanawake wa mtaa ndio ulioileta. Waliiweka kwake kwa sababu ni mjane mtulivu, na mlango wake mchana haufungwi.

Waya mwembamba wa njano ulitoka kwenye kisanduku cha ukutani, ukaingia kwenye modemu iliyokuwa juu ya kabati. Taa ya modemu ikiwa ya kijani, watu wanaongea. Zaidi ya hapo, Mama Maimouna hakujua kitu.

Siku ya Alhamisi simu yake iliita kwa njia ya intaneti hiyo. Alikuwa Farida, binti yake.

"Mama, niko bandarini Kigoma na watoto. Tuko wazima."

"Alhamdulillah! Mutoto wangu, utakuja lini?"

"Mama, sikiliza, simu hii ni ya muntu. Huku watu wanasema hata Kalemie kumeharibika. Kesho kuna mashua ya kuja kwenu. Kuna na malori ya kwenda kambini, mbali. Kesho alasiri nitakuita. Ukijibu, napanda mashua. Nisipokupata, nitajua kweli kumeharibika. Nitapanda lori na wenzangu."

"Niite tu. Nitakaa hapa hapa."

Siku hiyo Mama Maimouna alishona huku akitabasamu peke yake.

Ijumaa asubuhi walifika wageni kutoka Uvira: Mama Générose na wajukuu wake. Walihitaji pa kulala. Mama Maimouna aliisukuma cherehani pembeni ili godoro lipate nafasi. Ilikuwa cherehani ya zamani, yenye miguu ya chuma kizito. Hakuona kwamba mguu mmoja umekanyaga waya wa njano. Mama Générose ndiye aliyeona kwanza.

"Dada, ile taa ya juu ya kabati, kawaida yake ni nyekundu?"

Mama Maimouna aligeuka. Taa ilikuwa nyekundu, inawaka na kuzima. Aliinua mguu wa cherehani. Waya ulikuwa umekunjika kama karatasi. Akakaa juu ya godoro.

Shemeji yake, Papa Ramazani, aliitwa mbio. Yeye ni fundi wa mota za mashua.

"Shemeji, usilie," alisema. "Mimi nafufua mota zilizolala chini ya maji. Huu uzi wa kufungia dagaa utanishinda?"

"Ramazani, leo usinitanie. Farida ataita alasiri."

"Basi alasiri utaongea naye mpaka ukauke mate."

Alikwenda bandarini, kwa wauza vitu vinavyotoka ng'ambo. Alirudi na waya mpya wa njano. Mama Maimouna aliushika, akautazama.

"Huu sio wenyewe. Ule ulikuwa na vichwa vya kijani. Huu ni vya bluu."

"Rangi ni urembo tu, shemeji. Kama wewe unavyochagua vifungo vya shati."

"Hata vifungo sichagui ovyo."

"Tazama, umbo ni lile lile!"

Alichomeka kichwa kimoja cha bluu kwenye modemu, kingine akakisukuma ndani ya tundu la kijani la ukutani. Kilikuwa kigumu kidogo. Papa Ramazani alichovya kidole kwenye kopo lake la grisi, akakipaka.

"Kila kitu kinapenda mafuta," alisema. "Mota inapenda. Mulango unapenda."

Kichwa kililia *tak*, kikaingia. Taa ikawa ya kijani! Mama Générose akapiga vigelegele. Akaomba simu upesi, amwite dada yake aliyeko Bujumbura.

"Alo? Dada? ... Alo? Unasema? ... Mbona anaongea kama yuko ndani ya mutungi?"

Sauti ilikatika. Taa ikarudi nyekundu.

Papa Ramazani akachomoa, akapaka grisi tena, akachomeka. Taa haikubadilika. Nje, watu wa kwanza walianza kukaa kwenye kibaraza, kila mmoja na simu yake mkononi. Mama Maimouna aliwatazama. Akachukua mtandio wake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Papa Ramazani.

"Kuna fundi mwanamke, nilimwona asubuhi juu ya poto, ile nguzo ya nyaya karibu na soko. Anafunga nyaya hizi hizi."

"Sasa umeacha kuniamini?"

"Ramazani, mashua yangu ikiharibika nitakuita wewe. Leo nimeharibikiwa kitu kingine."

Njiani aliomba Mungu kimya, huku akitembea haraka. Alimkuta fundi bado juu ya ngazi. Jina lake Adrienne. Mama Maimouna alipomwambia habari ya Farida, Adrienne alishuka, akafunga begi lake.

"Mimi pia mama yangu yuko Uvira," alisema. "Twende."

Walipoingia, walimkuta Papa Ramazani amechomoa kichwa cha waya kutoka ukutani. Amekiinua mpaka usoni, amefumba jicho moja, anachungulia kwa lingine.

"Papa! Toa kwenye jicho!" Adrienne alipiga kelele.

Papa Ramazani aliruka. "Kuna nini? Hakuna hata mwanga humu."

"Mwanga wa humu jicho halioni, lakini unaweza kuliumiza. Kichwa cha waya huu hakichunguliwi kabisa, hata kama unaona giza."

Papa Ramazani alikiweka chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Adrienne alizima modemu. Akakaa juu ya mkeka na waya mapajani.

"Mama, huu sio waya wa chuma kama wa umeme. Wanauita fibre. Ndani kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Sauti ya Farida inapita humo ikiwa mwanga. Kioo ukikikanyaga au kukikunja sana, kinavunjika."

"Njo nilichofanya asubuhi na cherehani," alisema Mama Maimouna.

"Sasa tazama vichwa. Wewe ni fundi cherehani, utanielewa. Kichwa cha kijani, kioo chake kimekatwa mshazari. Cha bluu kimekatwa wima, sawasawa. Ukichukua kitambaa kilichokatwa mshazari na kingine kilichokatwa wima, ukavishikanisha, vitakutana?"

"Hapana. Patabaki pengo."

"Basi hapo hapo mwanga unapotea. Mwingine unarudi ulikotoka. Ndiyo maana sauti ilikuja kidogo, ikakatika."

"Lakini viliingiana!" alisema Papa Ramazani.

"Viliingiana kwa nje, Papa. Ndani havikugusana. Na huyu nani aliyepaka mafuta?"

Mama Générose alikohoa, akatazama dari.

"Sawa," alisema Papa Ramazani. "Ni mimi. Kwani mafuta nayo yana kosa gani?"

"Papa, kioo chenyewe ni kama unywele. Tone la grisi kwake ni matope. Hata vumbi la kidole linaziba njia."

Alitoa vifaa vyake vya kusafishia, akafuta kwa makini tundu la ukutani na tundu la modemu. Halafu akatoa nyaya kutoka begi, akazitandaza mkekani.

"Chagua wewe, Mama. Kesho mimi sitakuwa hapa."

Mama Maimouna aliusogeza pembeni waya wa rangi ya chungwa. "Huu sio. Ule wetu ni wa njano."

"Vizuri. Wa chungwa kioo chake ni kipana zaidi, haupatani na huu wa njia yetu."

Papa Ramazani alinyoosha mkono haraka, akashika waya wa njano wenye kichwa cha kijani. "Huu hapa! Umeona, nami nimejifunza."

Mama Maimouna aliupokea. Hakuuchomeka. Aliinuka, akatazama tundu la ukutani: kijani. Akatazama la modemu: kijani. Kisha akavuta waya mpaka mwisho wake, kama anavyogeuza kitambaa kuona upande wa ndani. Kichwa cha pili kilikuwa cha bluu.

"Huu una sura mbili," alisema, akaurudisha. Akachukua mwingine wa njano, kijani huku, kijani kule. "Bismillah. Huu."

Adrienne alicheka. "Mama, njoo ufanye kazi kwetu."

Wakauchomeka, kisha wakaupitisha juu, mbali na miguu ya cherehani, kwa mzunguko mpana. Modemu ikawashwa. Taa nyekundu iliwaka. Ikazima. Mama Maimouna alifumba macho. Alipofumbua, taa ilikuwa ya kijani, imetulia.

Walingoja. Simu ikaita.

"Mama!" Farida alikuwa analia. "Nimeita na kuita! Watu wanapanda malori. Nilisema basi, hata kwenu kumeharibika."

"Hakuna kilichoharibika isipokuwa uzi, mutoto wangu. Nao umeshatengenezwa. Kalemie kuko salama, nami niko hapa. Panda mashua."

"Nipande?"

"Panda sasa hivi!"

Kesho yake mashua ilifika. Farida alishuka na watoto wake, wamechoka, wamelowa, lakini wote wamo. Papa Ramazani aliwabeba wadogo, mmoja kila bega. Aliporudi bandarini kubadilisha ule waya, muuzaji alisikia somo zima: bluu si mbaya, bali inataka bluu mwenzake. Mafuta hapana. Jicho hapana.

Mama Maimouna alikata utepe wa kijani, rangi ya kichwa kinachofaa, akaubandika ukutani kando ya kisanduku, na mwingine kwenye modemu.

"Bibi," mjukuu wake aliuliza, "hizi ni za nini? Sisi si tumeshafika?"

Mama Maimouna alitazama kibarazani. Ilikuwa alasiri, na watu walikuwa wameanza kukaa.

"Ninyi mumefika," alisema. "Watoto wa hawa bado wanaita."