Mbuzi wa Abel na Amri ya Mwenyekiti

Kijijini kwa Erica, nje kidogo ya Makambako, mahindi yakishavunwa mbuzi huachiwa huru. Ndiyo desturi yao. Lakini siku hizi watu wamepanda parachichi, na mbuzi hana habari kwamba mche una mwenyewe.

Asubuhi moja Erica alikuta miche yake imebaki vijiti. Mbuzi wa jirani yake Abel alikuwa bado anatafuna, hana hata haya. Erica alimfunga kamba, akamburuta hadi ofisi ya kijiji. Moyoni alikuwa anacheka, kwani Jumapili Mwenyekiti Efraimu alitangaza nje ya kanisa: "Mbuzi akiingia shamba la mtu, mwenyewe atalipa faini!"

Ofisini alimkuta Letisia, mtendaji wa kijiji.

"Kamwene, Mama Ema," Letisia alimsalimu Erica, akasikiliza dai lake. "Unadai faini kwa sheria ipi?"

"Si ile ya Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti hatungi sheria peke yake, mama."

Erica alikasirika. Amri nzuri namna ile, kumbe si sheria! Lakini udadisi ukaizidi hasira.

"Basi nani anatunga?"

"Halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo. Wananchi mnaijadili kwenye mkutano mkuu. Kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Hapo ndipo faini inadaiwa."

"Na Mwenyekiti akiikataa, sisi tukiitaka?"

"Atatoa maoni yake kama wajumbe wengine. Kuizuia peke yake hawezi."

Mbuzi akafunguliwa. Erica alirudi nyumbani roho inamuuma, lakini siku ya mkutano alikuwa wa kwanza kusimama kuitaka sheria.

Abel naye akasimama. "Wanangu wako shule. Mbuzi achungwe na nani?"

Erica hakuwahi kufikiria hilo. Wakabishana, wakaelewana: bonde litengwe kwa malisho, na mbuzi akitoka humo, mwenyewe alipe. Efraimu alitaka faini iongezwe maradufu. Wengi wakakataa, naye akaketi. Baadaye wilaya ikaidhinisha.

Msimu uliofuata miche ilistawi. Hata Abel alipanda yake. Siku moja mbuzi wa Erica akakata kamba, akaingia shambani kwa Abel.

Erica alimkimbilia Efraimu. "Mwenyekiti, nisamehe faini. Si mimi niliyeipigania sheria hii?"

Efraimu alicheka sana. "Mama Ema, ingekuwa ile amri yangu, ningekusamehe sasa hivi. Hii si yangu."

Erica akaenda kwa Letisia, akalipa.