Gari Lililolala Upande

Aliyemwambia kwanza mama mshonaji alikuwa shemeji yake, fundi magari.

"Shemeji, hili gari limekaa kama limebeba mtu."

Lilikuwa limelala nyuma, upande wa kushoto. Fundi akaweka viganja kwenye kona ile, akakandamiza, akaachia. Gari lisilo bovu huinuka mara moja likatulia. Hili lilinesa, likanesa, likanesa... kwi, kwi, kwi.

"Shokapu zimekufa, springi imechoka. Mwenyewe alikuwa analikodolea macho tu?"

Ajabu ilikuwa hapo. Mwalimu mstaafu aliyemuuzia alikuwa nadhifu kupita kiasi. Viti visafi, taa zote zinawaka. Huko chini tu ndiko hakuwahi kugusa. Na siku ya kukabidhi funguo alisema, "Chini usilitengeneze, mwanangu." Mama yule kijana, mshonaji wa sare za shule, hakuwa mtu wa kuuliza-uliza. Aliitikia tu, akadhani ni maneno ya uzee.

Shemeji akafunga springi na shokapu mpya. Gari likasimama sawasawa.

Jioni, jua likizama, akaenda kumchukua binti yake wa miaka minne kwa bibi yake. Mgongo ulimuuma, tangu alfajiri alikuwa ameinamia cherehani. Wakati wa kurudi, mtoto akiwa kiti cha nyuma, gari lilitulia kama maji ya mtungi. Hakuna mlio hata mmoja.

Halafu ikaja harufu. Nguo mbichi, zilizokaa siku nyingi bila kuanikwa.

Akatazama kioo. Mtoto alikuwa amejibanza kwenye mlango wa kulia.

"Mbona umejikunyata huko?"

"Ananibana."

"Nani?"

Mtoto akaweka kidole mdomoni.

"Shhh... amelala."

Akasimamisha gari kando ya barabara. Akampigia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu..."

"Umelitengeneza." Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Nilimpa mtu lifti siku ya mvua. Tulipofika hakushuka. Miaka kumi na moja sasa, mwanangu. Likilala, najua amekaa. Likiinuka, najua katoka, nami nakimbilia ndani kufunga mlango. Sasa wewe utajuaje?"

"Nina mtoto humu, mwalimu."

"Mimi... sikuwahi kumkalisha mtu kando yake."

Mama hakufunga hata mlango. Akamtoa mtoto, akambeba mgongoni, akaenda nyumbani kwa miguu. Giza lilikuwa linaingia.

Mtoto alikuwa mzito.

Mzito kuliko asubuhi.

Kulipokucha alimgongea shemeji kabla hata hajanawa uso. Wakaenda pale alipoliacha gari, yeye na mtoto, fundi na jeki yake.

"Rudisha zile springi za zamani."

"Shemeji, umerogwa? Watu hutupa mbovu wakaweka nzima!"

"Rudisha tu, shemeji yangu. Nimechoka."

Akarudisha huku akinung'unika. Akashusha jeki. Wakalitazama.

Gari halikulala.

Fundi akakandamiza ile kona. Likanesa, likapiga kelele zake, kisha likasimama wima kama askari. Akakuna kichwa.

"Springi ni ile ile. Hivi nani kalishusha mzigo?" Akacheka. "Basi limepona lenyewe, shemeji. Lipeleke likatoe sadaka!"

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyesimama kimya kando ya barabara. Bega la kulia juu. La kushoto chini, kama mtu aliyeegemewa.

Akapiga magoti mbele yake, akanong'ona ili shemeji asisikie.

"Muulize anataka kwenda wapi."

Mtoto akainamisha sikio kushoto. Akasikiliza.

"Anasema amechoka, mama. Anataka kubebwa."

Mama akageuka, akachuchumaa, akampa mgongo wake yule aliyetaka kubebwa.