Uchovu wa Laurentia

Laurentia alikuwa mkulima katika kijiji cha ujamaa karibu na Mlandizi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na watu walimjua kwa bidii. Lakini mwaka ule wa 1981, mwili wake ulibadilika. Alichoka kabla jua halijapanda. Alisikia baridi wenzake wakifuta jasho. Alikula kidogo, lakini alizidi kunenepa.

Siku moja aliketi chini katikati ya shamba la kijiji. Balozi wa nyumba kumi akasema mbele ya wote, "Kijiji hiki hakilishi kupe!"

Laurentia aliinamisha kichwa. Nyumbani, mumewe Kasiani naye akamwambia, "Mama Onesmo, unanitia aibu."

Mwezi uliofuata ikaja habari ya msiba. Ursula, dada yake mkubwa wa Kisarawe, alianguka akitwanga mahindi, akafa. Moyo ulisimama.

"Mama alikuwa anachoka sana," alilia Yosefina, binti wa marehemu. "Kifua kilimbana, akasema ni uzee tu."

Bertha, jirani yake Laurentia na muuguzi wa zahanati ya kijiji chao, alikuwepo msibani. Alimtazama Laurentia usoni. Uso ulikuwa umevimba. Akamshika mkono na kuhesabu mapigo.

"Dada, moyo wako unapiga polepole mno. Nenda hospitali."

Kasiani alimpeleka Kibaha. Damu yake ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yalipokuja, Laurentia alimwonyesha Bertha karatasi.

"Shingoni kuna tezi," Bertha alieleza. "Kazi yake ni kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Yako imelegea kidogo."

"Kidogo tu? Basi si neno."

"Hata kidogo ni neno, hasa kwetu wanawake. Tezi ikilegea, mafuta huweza kuzidi katika damu. Yakiganda kwenye mishipa ya moyo, mishipa huziba. Si wote wanaougua moyo, lakini hatari huongezeka."

Laurentia aliikunja karatasi. Kisha akauliza, "Ndicho kilichomuua dada?"

"Sijui, dada yangu. Hakupimwa."

Daktari alimwanzishia dozi ndogo ya dawa ya tezi: kidonge kila asubuhi, kabla ya kula. Alimwonya asiongeze wala asiache, hata akipata nafuu. Arudi kupimwa damu na presha.

Kasiani alisimama kwenye mkutano wa kijiji. "Mke wangu alikuwa mgonjwa, nikamwita aibu. Anisamehe." Balozi alitazama chini.

Miezi ikapita. Baridi ilimtoka Laurentia, uvimbe wa uso ukapungua. Akalima tena hadi saa sita mchana.

Ndipo akaenda Kisarawe kumchukua Yosefina, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kufuata ukoo. Yosefina akapimwa. Tezi yake ilikuwa nzima.

Siku majibu yalipokuja, wawili hao walirudi Kisarawe kwenye kaburi la Ursula. Waling'oa majani, wakasali. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.