Tundu la Thelathini na Mbili

Jioni ile nilitoka nje kutafuta chupa ya kuvunja.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1986. Naweka tarehe kwa sababu watu wa boma letu hapa Tezo wameanza kuyasimulia mambo haya vibaya. Wengine wanasema ulikuwa mwaka wa njaa. Haukuwa mwaka wa njaa. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha sana, mashamba yakajaa maji, na panya wakahamia majumbani.

Siku tano kabla yake nilikuta damu kwenye kidole gumba cha mguu wa mwanangu Lewa. Alikuwa na miezi miwili. Nyama ya ncha ya kidole ilikuwa imetafunwa, naye hakulia hata kidogo.

Lewa alikuwa mtoto wangu wa pili. Wa kwanza, naye wa kiume, alikufa mwaka uliotangulia akiwa na siku tatu, hata jina hajapewa. Mimi nilikuwa na homa, sijiwezi. Mama mkwe wangu, Nyevu, ndiye aliyemfunga kwenye leso akaenda kumzika. Sikuambiwa wapi, nami sikuuliza. Nilijua jambo moja tu: sikuwa na nguvu ya kumtoa mwingine mlangoni.

Mume wangu, Charo, alikuwa mpishi hotelini huko Shella, Malindi. Nilipompelekea habari ya kidole, alituma mfuko wa saruji na fundi. Fundi mwenyewe alikuwa Ochola, Mjaluo mcheshi wa Kilifi mjini. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo iliyopigwa lipu, paa la mabati. Aliifanyia kazi siku mbili. Upenuni, pale bati linapoachana na ukuta, aliziba kwa wavu wa chuma. Dirisha nalo akalitia wavu. Chini ya mlango akapigilia kipande cha bati. Matundu ya ukutani aliyajaza vigae vya chupa kwanza, kisha saruji.

“Shemeji, panya kichwa chake kikipita, mwili ni maneno tu,” aliniambia. “Tundu la penseli, ziba. Nikitoka hapa hata mbu atabisha hodi.”

“Umeziba mangapi?”

“Sasa hayo nayo ni ya kuhesabu?”

“Mimi nimehesabu. Thelathini na moja.”

Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. “Wewe ungekuwa karani wa korti! Charo anaishije na wewe?”

Aliondoka alasiri. Aliniachia saruji kidogo ndani ya karai, imefunikwa gunia bichi. Nyevu hakuwapo. Alikuwa Mambrui tangu Jumatano akimuuguza dada yake, na hakujua kwamba fundi angekuja upesi vile.

Jua likiwa linazama nilivuta kitanda ili nifagie. Ndipo nikaliona.

La thelathini na mbili.

Lilikuwa upande wa kichwa changu, shibiri moja kutoka sakafuni, upana wa kidole gumba. Nililiangalia kwa makini. Hapakuwa na mavi ya panya. Hapakuwa na ile nta nyeusi ambayo manyoya yao huacha yanapopita. Kingo zake zilikuwa laini, kama zimesuguliwa kwa mkono. Niliinama nikanusa.

Maziwa. Maziwa yaliyochacha…

Nilipaswa kusita hapo. Lakini nilikiona kidole cha mwanangu kilichofungwa kitambaa, nikatoka kwenda kutafuta chupa.

Niliivunja, nikasukuma vigae ndani, nikakandika saruji kwa kidole changu mwenyewe. Giza lilikuwa limeingia nilipomaliza. Nikawasha kibatari, nikatia komeo.

Nyumba ikawa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, hapakuwa na kitu kilichotembea juu ya kichwa changu.

Kisha mtoto akalia.

Maziwa yakanitoka papo hapo, yakalowesha kanga. Niligeuka kumchukua Lewa.

Lewa alikuwa amelala. Mdomo wake umefungwa.

Kilio kikaja tena. Kidogo, kikavu, cha mtoto mchanga kuliko Lewa. Kilitoka nyuma ya ukuta, pale pale nilipoziba. Na matiti yangu yakakijibu tena.

Nilijiambia ni paka. Nyau wa porini hulia hivyo. Nilikuwa bado najiambia hivyo kiliposogea.

Kilikwenda kando ya ukuta, chini chini, kama kinachotambaa. Kikafika chini ya dirisha. Nikasikia wavu ukikwaruzwa… mara moja, mara mbili… Kikaenda mlangoni. Kipande cha bati kikalia tik, tik, tik, kama kucha ndogo zinazotafuta pa kushika. Kikapanda upenuni. Kikashuka. Kikazunguka tena.

Kazi ya Ochola ilikuwa nzuri. Kila mahali palishika.

Nilimchukua Lewa nimpe titi. Alikuwa wa baridi.

“Lewa,” nikanong'ona. Nilimtia titi mdomoni. Maziwa yakamtiririka shavuni. Hakuvuta. Nje kilio kilipopanda, kifua chake kilisimama. Kilio kiliposhuka, alipumua. Nilitazama mara nne ili niwe na hakika. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia.

Nyumba ya jirani yangu Dorcas ilikuwa ng'ambo ya mikorosho. Lakini ili nifike huko ningepaswa kufungua mlango, na kile kitu kilikuwa mlangoni.

“Lewa! Lewa, mwanangu, usiniache!”

Nje kukawa kimya.

Kimya cha mtu aliyesikia.

Halafu kikarudi mbio mbio kando ya ukuta hadi nyuma ya kitanda, kikalia pale, kilio cha kubembeleza.

Sikuelewa. Nilichojua ni kwamba mtoto wangu anakufa mikononi mwangu, na kwamba jambo hili lilianza nilipoweka saruji pale. Nikamlaza kitandani. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapiga magoti, nikachimba. Saruji ilikuwa bado mbichi. Kisu kikapinda, nikaingiza vidole. Vigae vikanikata, sikujali. Kigae cha mwisho kikadondoka upande wa nje.

Pumzi ya joto ikanipiga usoni. Maziwa yaliyochacha.

“Nyamaza,” nilisema ndani ya tundu. “Nyamaza, Lewa. Mama yupo hapa.”

Kwa nini nilitumia jina lile, sijui. Ndilo pekee lililokuwa ulimini mwangu.

Nikakamua maziwa kwenye kidole, nikakiingiza tunduni.

Kikanyonywa.

Ufizi laini, usio na meno. Ulikuwa na njaa sana.

Kitandani nyuma yangu, mwanangu akapiga chafya, akaangua kilio kikubwa, chenye afya. Nililia pamoja naye. Sikutoa kidole mpaka kilipoachwa chenyewe.

Nyevu alifika asubuhi, saa tatu. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa ameshaiona saruji iliyotapakaa sakafuni. Akaketi pale chini, mkoba wake ungali begani.

“Nani aliliziba?”

“Mimi, Mama.”

“Nilimzika hapo nyuma, chini ya upenu. Alilia siku tatu za uhai wake, na baada ya kumzika akaendelea kulia. Wewe ulikuwa na homa, hukusikia. Nikamtobolea tundu kwa kidole changu ili asikie pumzi zako ukilala. Akatulia. Angetulia siku zote.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungelala, wewe?”

Alinyoosha mkono akagusa kingo za tundu.

“Hukumwita kwa jina lolote, lakini.”

Nikaanza kuokota vigae sakafuni. Akageuka taratibu.

“Kahonzi. Ulimwita nani?”

Nilipomwambia, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba. Marehemu mume wa Nyevu aliitwa Lewa. Yule wa siku tatu, laiti angeishi wiki moja, angeitwa Lewa.

“Lilikuwa lake,” Nyevu alisema. “Tulimpa nduguye kwa sababu yeye hakupata kulijua. Sasa analijua.”

“Na huyu je?”

“Huyu hana jina. Nasi hatumwachi hivyo mpaka magharibi.”

Tukamwita Garama siku ile ile, kabla ya saa sita, na mimi nilikuwa wa kwanza kulitamka. Alinyonya vizuri. Kidole kikaanza kufunga. Panya waliingia kwa lile tundu, nami nikakesha nao kwa fimbo. Barua ya kumweleza Charo niliianza mara tatu, nikaichana mara tatu.

Alirudi Jumamosi, tarehe 29, saa kumi na mbili jioni. Sikusikia hatua zake kwa sababu ya mvua. Nilisikia sauti yake uani, imejaa furaha na ugeni wa mwezi mzima:

“Lewa! Lewa wangu! Hutoki kumpokea baba?”

Garama alikuwa mapajani mwangu. Hakugeuka.

Nyuma ya ukuta, kichwani mwa kitanda, mtoto alicheka. Kisha kicheko kikaanza kwenda, chini chini kando ya ukuta, kuelekea uani.